Ile Thelathini na Moja Yetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Korogwe
Tarehe: 17/5/2024
Muda wa kuanza: Saa 2:15 asubuhi
Jina: Mwaija Sabiri Mhina
Umri: Miaka 58
Kabila: Mzigua
Dini: Mwislamu
Kazi: Msaidizi wa kumbukumbu, masjala ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Bonde la Lwengera
Makazi: Manundu, Korogwe mjini

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. D/Sajenti Valentino amenionya kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo nimeshausema, Jumanne wiki hii, kwa maandishi na saini, na ndio ulionileta hapa.

Nimefanya kazi masjala kwa miaka ishirini na tisa. Masjala ndipo majalada ya chuo yanapotunzwa. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada inapewa namba kwa kalamu nyekundu, juu upande wa kulia, na namba hiyo tunaiita folio. Folio ikitolewa kwenye jalada, hata kwa dakika tano, mahali pake panawekwa kikaratasi cha badala kinachosema imechukuliwa na nani, saa ngapi, kwa sababu gani, na imerudi saa ngapi. Sijawahi kuacha pengo kwenye jalada. Wenzangu wananiita Mama Badala, na najua hawanisifu.

Mnamo tarehe 14/3/2024, siku ya Alhamisi, majira ya saa 5:30 asubuhi, walifika masjala watu wawili ambao sikuwafahamu. Mwanamume alijitambulisha kuwa ni Mbwana, mwenyekiti wa kitongoji katika kijiji cha Kwedigunda, upande wa Kabuku, wilaya ya Handeni. Mwanamke alijitambulisha kuwa ni Tatu, mkulima wa hapohapo. Ni mtu mzima kunizidi, kwa hiyo nilimpa shikamoo na kumwita bibi. Walitoka kwao alfajiri na kubadilisha gari Segera. Tulikuwa kwenye mfungo wa Ramadhani, hivyo sikuwakaribisha hata maji.

Walileta barua ya kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulieleza kuwa wamesikia chuo kimeomba eneo lao kwa ajili ya shamba la mafunzo, na kwamba kwenye maombi hayo chuo kimeandika kuwa eneo ni pori lisilo na watu. Kurasa mbili zilizobaki zilikuwa na majina ya kaya arobaini na tatu, na mbele ya kila jina kulikuwa na saini au dole gumba.

Niliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikaiandika kwenye kitabu cha barua zinazoingia, mstari wa 212, na Mzee Mbwana akasaini kitabuni kuwa ndiye aliyeileta. Kisha nikaiweka kwenye jalada la ardhi ya chuo, folio 31. Chuo kina mfumo wa kompyuta tangu mwaka 2021 na niliagizwa kitabu kiachwe. Sikukiacha. Umeme wetu naujua, na siku hiyo ulikatika kuanzia saa nne mpaka jioni, hivyo kwenye kompyuta barua hiyo haikuingia. Nilikusudia kuiingiza kesho yake nikasahau. Hilo ni kosa langu na ninaomba liandikwe.

Bi Tatu aliniuliza, "Mwanangu, sasa itakaa wapi?" Si kawaida yangu kumwonyesha mgeni jalada, lakini nililifungua nikamwonyesha. Maandishi hajui, ila namba anazijua. Aliweka kidole karibu na ile namba nyekundu bila kuigusa, akasema, "Thelathini na moja. Basi mahali petu ni thelathini na moja." Nikamwambia ndiyo, haitatoka hapo. Akaandika namba yangu ya simu, yaani Mzee Mbwana ndiye aliyemwandikia, wakaondoka kuwahi gari.

Jalada lilipanda ofisini kwa Rasi wa Chuo, Profesa Habakuki, siku hiyohiyo, likarudi kesho yake. Kwetu mtu akisoma barua anaweka saini ndogo pembeni kuonyesha kuwa ameisoma. Niliangalia. Pembeni palikuwa peupe.

Mnamo tarehe 22/4/2024, Rasi aliitisha baraza la wafanyakazi na wanafunzi ukumbini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aitwaye Shamsia Kasmiri alisimama akauliza kama ni kweli Kwedigunda kuna watu wanaotakiwa kuondolewa. Huyu binti ni mhariri wa gazeti la wanafunzi linaloitwa Foleni. Wanaliandika kwenye karatasi kubwa na kulibandika ukutani kando ya dirisha la kantini, ili mtu alisome akiwa kwenye foleni ya chakula. Nilikuwa nalisoma pia. Mara nyingine lilinichekesha, hasa walipoandika habari za maharage.

Rasi alijibu, "Pale ni pori tupu. Hakuna hata mtu mmoja aliyetuandikia kulalamika. Kama barua ipo, nionyesheni." Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Makofi sikupiga, lakini kusimama sikusimama.

Mnamo tarehe 6/5/2024, saa 9 alasiri, Shamsia alikuja masjala. Aliniamkia, akasema, "Mama, sikuombi unipe kitu. Naomba uniambie tu, barua ya Kwedigunda ilifika au haikufika?" Nilimwambia masjala si sehemu ya kuuliza habari, aende kwa afisa uhusiano. Akasema asante mama, akaniachia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. Sikukitupa.

Mnamo tarehe 8/5/2024, siku ya Jumatano, saa 4:20 asubuhi, Rasi aliniita ofisini kwake. Tulikuwa wawili tu. Alisema, "Mama Mwaija, jalada la ardhi lina takataka ndani. Hiyo 31 iondoe, halafu zinazofuata uzipange namba upya." Nilimuuliza, "Profesa, nikiiondoa niweke nini mahali pake?" Alicheka, akasema, "Usiweke kitu."

Nilishuka ngazi bila kumuaga. Afande ameniuliza kama ilikuwa hofu. Hofu ilikuwepo, lakini zaidi zilikuwa hasira. Miaka ishirini na tisa nimewagombeza watu wazima wenye shahada zao kwa kuacha pengo la dakika tano, na leo naambiwa niondoe watu wa kaya arobaini na tatu nisiweke kitu.

Nilimpigia Shamsia simu. Alifika baada ya muda mfupi akihema, alikuwa ametoka kipindini. Nilifunga mlango kwa ufunguo nikamfungulia jalada mezani. Umeme haukuwepo, dirisha la masjala ni dogo, na picha za simu yake zikawa nyeusi. Akaomba aitoe barua kwenye veranda ya nyuma, penye tangi la maji. Nilikubali. Nikachukua kitabu changu cha vikaratasi vya badala nikaandika. Kikaratasi hicho Afande anacho sasa mkononi na nimemwomba akinakili kama kilivyo:

Na. 0618. Jalada la ardhi, folio 31, barua ya Kijiji cha Kwedigunda, kurasa 3. Amechukua: Shamsia Kasmiri, mwanafunzi. Sababu: Kusoma. Saa 4:52. Imerudi: Saa 5:04. Tarehe 8/5/2024.

Nilimpa kalamu asaini. Alishangaa, akasema, "Mama, hii si ni siri? Unanisainisha tena?" Nikamwambia karatasi haitoki kwangu bila saini, hata akija Waziri. Akasaini. Alikuwa anacheka na mimi nikacheka. Nilikuwa nafanya jambo la kufukuzisha kazi, na bado nililiandikia kumbukumbu kwa mkono wangu, nikaweka namba na saa. Ndivyo nilivyozoea. Barua iliporudi niliiweka mahali pake, nikachukua kile kikaratasi nikakitia kwenye boksi la viatu ninamoweka vikaratasi vyote vya mwaka.

Siku hiyohiyo saa 8:10 mchana, katibu muhtasi wa Rasi, Ritha, alikuja kuchukua jalada. Aliniuliza kama nimeshafanya kile nilichoagizwa. Nikamwambia bado, naona kizunguzungu. Akasema basi watamalizia wenyewe juu. Naye nilimsainisha. Kikaratasi chake ni Na. 0619 na kinasema: Jalada la ardhi, folio 1 hadi 41, kamili. Amesaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Jalada lilirudi tarehe 10/5/2024 likiwa na folio 1 hadi 40. Barua ya Kwedigunda haikuwemo. Zilizokuwa baada yake zimefutwa namba na kuandikwa nyingine kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko usio wangu. Mimi saba yangu naikata kistari katikati. Folio 37 ya sasa haina kistari. Sikuona ni nani aliyeiondoa barua na sisemi ni nani. Nasema ilipanda ikiwa na 41, ikashuka ikiwa na 40.

Afande alikuwa ameandika hapo juu "karatasi fulani". Nimemwomba afute na aandike folio 31.

Mnamo tarehe 13/5/2024, siku ya Jumatatu, Foleni lilibandikwa. Kichwa cha habari kilisema PORI LENYE MAJINA 43. Chini yake zilikuwepo picha za kurasa zote tatu, na muhuri wangu, na ile namba nyekundu ikionekana vizuri. Wanafunzi walikuwa wanasoma majina kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na foleni ya chakula haikusogea mpaka mpishi akatoka nje kugomba. Sikwenda karibu. Nilisikia nikiwa mlangoni pa masjala.

Mnamo tarehe 14/5/2024, saa 3 asubuhi, niliitwa tena juu. Safari hii walikuwepo wakuu wa idara watano. Rasi alisema kwamba barua imeghushiwa na muhuri umechongwa mtaani, maana kwenye kompyuta hakuna kitu. Mbele yangu paliwekwa karatasi iliyochapwa tayari, yenye jina langu chini, ikisema kuwa barua hiyo haijawahi kupokelewa masjala na muhuri huo si wa chuo. Rasi aliniuliza kwa upole, "Mama Mwaija, umebakiza miezi mingapi kustaafu?" Nikasema ishirini na miwili. Akasema, "Basi tumalizane salama."

Nilisaini. Hakuna aliyenishika mkono. Naelewa kuwa karatasi hiyo ndiyo iliyoletwa hapa kituoni na ndiyo iliyofanya binti akamatwe. Nimeonyeshwa asubuhi hii na nimeitambua. Saini ni yangu na maneno yote yaliyo juu yake ni ya uongo.

Jana tarehe 16/5/2024, saa 8 mchana, askari wawili walifika chuoni. Shamsia alikuwa kwenye foleni ya kantini na sahani mkononi. Alimpa mwenzake sahani, akafuatana nao bila kubishana. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya masjala, hivyo alipita hatua tatu hivi kutoka mlangoni kwangu. Wakati huo alishajua nimesaini nini, maana chuo kizima kilikuwa kinajua. Alinitazama akasema, "Shikamoo mama." Niliitikia marahaba. Kisha akaingia kwenye gari.

Afande Valentino ameniambia kuwa tangu jana binti ameulizwa mara nyingi nani alimpa barua, na hajanitaja. Kusikia hivyo nimelia, na tumesimama kwa dakika kadhaa kabla ya kuendelea. Afande hataki kuandika kwamba nimelia. Nimemwambia aandike, kwa sababu ni kweli.

Jana hiyohiyo saa 11 jioni Bi Tatu alinipigia simu. Alisema, "Mwaija mwanangu, trekta limekuja, limesimama kwenye mihogo ya Mbwana. Wanasema barua yetu tumeghushi. Dole langu nalo wanasema si langu." Kisha akaniuliza, "Ile thelathini na moja yetu bado iko?" Nikamwambia iko. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi nawaambia wasubiri," akakata simu. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili ndani ya wiki moja, na nilimdanganya mtu anayeweza kusimama mbele ya trekta kwa neno langu.

Leo saa 1:10 asubuhi nilifungua masjala. Nilichukua kitabu cha barua zinazoingia na boksi la viatu lenye vikaratasi vya mwaka huu. Najua kutoa kitabu cha ofisi bila kibali ni kosa, nimewafundisha wengine hivyo. Kwenye rafu, mahali pake, nimeacha kikaratasi: Kitabu cha barua zinazoingia, 2024, na boksi la badala. Amechukua: Mwaija Sabiri. Sababu: Kupeleka Polisi. Saa 1:20. Wakati natoa maelezo haya simu yangu imelia mara nne. Ni Ritha. Bila shaka wameshakiona.

Nimeulizwa kama vikaratasi hivi haviwezi kuwa vimetengenezwa jana. Vina namba za mfululizo zilizochapwa kiwandani. Cha kabla ya kile cha Shamsia, Na. 0617, amesaini mhasibu siku hiyohiyo saa 3 asubuhi. Cha baada yake amesaini Ritha mwenyewe. Ritha aitwe aulizwe kama saini ya Na. 0619 ni yake, na kama ni yake, aulizwe folio ya arobaini na moja iko wapi. Mstari wa 212 kwenye kitabu una saini ya Mzee Mbwana. Mistari ya juu na ya chini yake ni ya siku hiyohiyo. Barua yenyewe mimi sinayo.

Nimeulizwa kama nina ugomvi na Rasi. Sina. Kila Idi alikuwa ananipa mkono wa Idi mbele ya watu. Nimeulizwa kwa nini nilisaini ile ya Jumanne. Niliogopa.

Nimeulizwa nataka nini. Kamati ya nidhamu ya chuo inakaa leo saa 8 mchana kumfukuza Shamsia, na wiki ijayo mitihani ya kumaliza inaanza. Nataka saa 8 imkute ametoka humu, na kamati iwe na nakala ya maelezo haya mezani. Kama kuna mtu wa kukaa ndani kwa ajili ya ile karatasi, niliitoa mimi, na dawa zangu za presha nimekuja nazo kwenye mkoba.

Hapa ndipo ninapoishia. Nimesomewa yote polepole, nimesahihisha mahali pawili, na yaliyobaki ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono hii hii iliyosaini.

Saini ya shahidi: M. Sabiri
Saa 4:35 asubuhi

Maelezo ya mpokeaji:

Mimi D/Sajenti Valentino nimeandika maelezo haya kwa usahihi kama yalivyotolewa na shahidi, bila kumtisha wala kumshawishi. Nimepokea vielelezo viwili: kitabu kimoja cha barua zinazoingia, na boksi moja la viatu lenye vikaratasi.

Shahidi alikataa kuniachia vielelezo mpaka nimwandikie kikaratasi cha badala. Nilimweleza kuwa Polisi tuna hati yetu ya kupokelea vielelezo na nikamjazia. Aliipokea, akashukuru, kisha akanipa kikaratasi chake Na. 0640 nacho nikijaze. Kwenye sehemu ya Sababu niliandika "Upelelezi". Alilifuta neno hilo kwa mstari mmoja, akaniomba niandike "Kusoma". Alisema tangu barua ile ifike hakuna mkubwa aliyeisoma, ni mtoto yule peke yake, na ndiye tuliyemfunga. Nimeandika "Kusoma" na kusaini.

Nimempelekea mkuu wa upelelezi jalada la kesi na vielelezo saa 4:50. Amesoma mstari wa 212 na vikaratasi vitatu, kisha ameagiza mambo mawili: Ritha aitwe kituoni leo, na Kabuku wapigiwe simu trekta lisimame lilipo.

Mwanafunzi Shamsia Kasmiri ameachiwa saa 6:40 mchana. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la nje, ingawa alisharuhusiwa kuondoka tangu saa 4:35. Binti alimwamkia. Shahidi alisimama, akamshika mkono, akaniuliza ni wapi pa kusaini ili amchukue.